Mbinu Mpya na Tija ya Mkulima: Funzo la Kongwa kwa Vyama vya Msingi

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Dodoma)



Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi vya nyanda za kati, jambo linalozungumzwa sana baada ya bei ya mazao ni mbinu mpya: trekta, mbegu bora, mbolea, pampu ya kumwagilia. Mazungumzo hayo ni ya haki. Takribani robo ya pato la taifa hutokana na kilimo, na nchi haiwezi kusonga mbele ikiwa eka moja inatoa leo kile kile ilichotoa enzi za mababu. Lakini kila kipya kina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa kwa mkopo ambao chama kizima kimeudhamini. Kwa hiyo yafaa kila chama kijue namna ya kuipima mbinu mpya kabla ya kuipokea.

Mfano mkubwa kuliko yote umo humu humu mkoani. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilituma wataalamu kutazama uwezekano wa kulima karanga kwa mitambo. Wataalamu hao walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakapendekeza kulimwa zaidi ya eka milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka huo lilikuwa kusafisha eka 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa kiasi cha eka 7,500 tu. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, na mibuyu na vichaka viliyavunja. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu mno, karanga zikakwama ardhini. Mvua nayo haikufuata ratiba ya ofisi. Mpango huo ulifutwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30.

Tatizo halikuwa mitambo peke yake. Kilichokosekana ni kipande kidogo cha majaribio na masikio ya kuwasikiliza wenyeji. Wagogo walikuwa wakilima uwele na mtama, na kufuga ng'ombe, kwa sababu walijua kwamba katika nchi hii mvua hunyesha tangu Desemba hadi Aprili, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi hukatika katikati ya msimu. Maarifa hayo hayakuingizwa katika hesabu.

Ndugu makatibu, hesabu ndiyo kazi ya chama. Wengi huchanganya mavuno na tija. Mavuno ni magunia yaliyoingia ghalani. Tija hutazama magunia hayo yakilinganishwa na fedha na nguvu zilizotumika kuyapata. Chukulia mwanachama ambaye mbinu mpya inampa magunia mawili zaidi kwa eka mvua ikiwa nzuri, na gharama yake ya ziada ni sawa na bei ya gunia moja na nusu. Amebakiwa na nusu gunia, naye anafurahi. Mwaka wa pili ni vivyo hivyo. Mwaka wa tatu mvua inakatika, hapati gunia hata moja la ziada, na gharama ya gunia moja na nusu inamwangukia yote. Kwa miaka mitatu amepata hasara ya nusu gunia. Mwanachama huyo hakukosea kulima. Alikosea kuhesabu mwaka mmoja.

Sasa chukulia mbinu nyingine isiyo na fahari: mbegu ya mtama inayokomaa mapema, na matuta yaliyofungwa kwa vizuizi ili maji ya mvua yasikimbie shambani. Mwaka mzuri inaongeza gunia moja, mwaka mbaya nusu gunia, na gharama yake ni robo gunia kila mwaka. Kwa miaka mitatu ile ile mkulima amebakiwa na gunia moja na robo tatu. Mbinu inayoongeza kidogo kila mwaka hujenga nyumba. Inayoongeza sana mwaka mmoja huweza kuiuza.

Haina maana kwamba mazao mageni hayafai. Zabibu zililetwa Bihawana na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, zikaanzia mahali padogo, zikaonyesha kwamba zinaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kisha zikaenea. Leo Dodoma ndiyo nchi ya zabibu. Hata hivyo zabibu huoza upesi, na mkulima asiye na mnunuzi wa uhakika huuza kwa bei ya kutupa. Mbinu ya shambani isiyo na soko ni nusu ya mbinu.

Kwa sababu hiyo, kila chama kinachokusudia kupokea jambo jipya kifanye haya:

1. Kijaribu kwanza katika eneo dogo la wanachama wachache walio tayari, kwa misimu isiyopungua miwili, bwana shamba au bibi shamba akishirikishwa.

2. Katibu aandike katika daftari tarehe za mvua, gharama zote pamoja na vibarua, na mavuno yaliyopimwa kwa mizani.

3. Wazee na akina mama wanaolima ardhi hiyo waulizwe mapema. Kuuliza si ujinga.

4. Hesabu isomwe mbele ya mkutano mkuu, ikiwa na mwaka wa ukame ndani yake, kabla ya mkopo wowote kuombwa. Na mkopo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano na kuidhinishwa na Mrajis.

Ndugu wanachama, Waingereza walipoondoka Kongwa, hasara ililipwa na hazina ya taifa tajiri. Chama cha msingi hakina hazina ya namna hiyo. Kikikosea, kinacholipa ni ng'ombe wa mwanachama na ada ya shule ya mtoto wake. Kipya kikaribishwe, lakini kipite kwanza mbele ya daftari.