LESENI YA BIASHARA NA SHERIA ZA MJI WA GARISSA

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya wafanya biashara wa Galbet, na watu wote wauzao na wanunuao katika mji wa Garissa.)

Wasikilizaji, katika mji wa Garissa neno "leseni" lajulikana na wengi, lakini halipendwi na wengi. Jambo hili lina sababu yake, na yafaa lielezwe kwanza, kwa maana si rahisi mtu kuifuata sheria kwa moyo mmoja ikiwa anaiona kuwa ni ua uliojengwa ili kumzuia.

Katika siku za ukoloni nchi yote ya kaskazini, iliyoitwa Northern Frontier District, ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 ilitoa uwezo wa kufunga wilaya, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikaongeza mamlaka ya serikali juu ya nyendo za watu na mifugo. Mgeni hakuingia ila kwa kibali, wala mwenyeji hakutoka na wanyama wake kama apendavyo. Baada ya uhuru ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa Desemba 1963, nayo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Na hata juzi juzi, baada ya shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, ilitolewa amri ya kutotembea usiku katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kila alijuaye jua la Garissa ajua pia kwamba biashara ya chakula na chai huchangamka jua hilo likiisha kutua. Basi kwa watu wa huko, karatasi ya serikali kwa muda mrefu ilikuwa karatasi ya kuzuia.

Leseni ya biashara si karatasi ya namna hiyo, au haipasi kuwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka mikononi mwa kaunti kazi za leseni za biashara, masoko, machinjio, uondoaji wa takataka, na usimamizi wa mahali panapouzwa chakula. Mabaraza ya zamani ya miji na wilaya yalikwisha mwaka 2013, kaunti zikashika mahali pao. (Askari wa kaunti, hata hivyo, bado huitwa "kanjo" na watu wote, kana kwamba hakuna kilichobadilika.)

Tuchukue mfano wa mama auzaye maziwa ya ngamia pale Galbet. Maziwa hukamuliwa mbali, huko malishoni. Hutiwa katika jerikeni za plastiki, yakaletwa mjini kwa gari, na mengine husafiri kwa basi mpaka Eastleigh, Nairobi. Wazee walitumia vyombo vya mti na vya kusuka, wakavifukiza kwa moshi ili maziwa yakae muda mrefu bila kuharibika. Jerikeni ina mdomo mwembamba. Mkono haupiti ndani, na moshi haufanyi kazi yake vema. Bwana Afya akisimama mbele ya mama huyo na kuuliza jinsi jerikeni ilivyooshwa, hamwonei. Maziwa yale yatanyweshwa mtoto wa mtu mwingine.

Ni hivyo pia kwa mwenye bucha. Nyama ni lazima itoke katika machinjio yaliyoruhusiwa, iwe imekaguliwa na kupigwa mhuri, na ichukuliwe katika chombo safi kilichofunikwa, si juu ya mkokoteni wa punda uliokuwa ukibeba mitungi ya maji asubuhi. Mizani yake yapasa kuhakikishwa na kupigwa mhuri na wakaguzi wa vipimo. Mpishi na mhudumu wa hoteli, na kila ashikaye chakula cha kuuza, hana budi kupimwa na daktari kila miezi sita na kuwa na cheti.

Mambo haya yote yaweza kuonekana kuwa ni usumbufu kwa mtu mwenye meza moja na sufuria mbili. Lakini Oktoba 2022 ulipotangazwa mlipuko wa kipindupindu nchini Kenya, Garissa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopatwa. Kipindupindu hakiulizi kama mwenye hoteli ni tajiri au maskini. Hupita katika maji na katika mikono.

Hata hivyo, historia ya miji ya Kenya yaonyesha kwamba afya yaweza kuwa sababu ya kweli, na bado watu wakatendewa vibaya kwa jina lake. Mwaka 1902, tauni ilipotokea Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya wakubwa. Ugonjwa ulikuwapo, hakuna anayebisha. Lakini duka likiisha kuwa majivu halirudi kwa maelezo. Kwa sababu hiyo sheria nzuri haisemi tu ni kosa gani lifanywalo na mwenye duka. Yasema pia mwenye mamlaka aanze na hatua ipi, na ipi ifuate. Hapa ndipo penye jambo ambalo wafanya biashara wengi hawalijui, na baadhi ya askari hawapendi lijulikane.

Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ilianza kutumika mwaka 1921 na bado inatumika, yaeleza utaratibu. Afisa akiona uchafu au jambo la kudhuru afya, hutoa ilani kumtaka mhusika aliondoe katika muda uliotajwa. Muda ukipita na kazi haikufanywa, shauri hupelekwa mbele ya hakimu. Chakula kilichooza ni jambo jingine: hicho chaweza kuchukuliwa na kuharibiwa, kwa kuwa hakingoji kesho. Lakini choo kibovu, au dari lenye masizi, si maziwa yaliyochacha. Mwenyewe apewe nafasi ya kutengeneza.

Je, ikiwa askari wamemkamata mama yule wa maziwa kwa kukosa leseni? Katiba, kifungu cha 49, yasema aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, tena kwa lugha anayoielewa. Katika Galbet maana yake ni kwamba kumpigia makelele kwa Kiingereza mama ajuaye Kisomali tu si kumweleza. Apelekwe mahakamani upesi iwezekanavyo, isipite saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi. Huko mahakamani, ikiwa haelewi lugha inayotumika, ana haki ya mkalimani bila kulipa. Shauri hili ni la hakimu. Kadhi halimhusu, kwa kuwa yeye kazi yake ni ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu kwa Waislamu. Faini hutajwa na mahakama, nayo hulipwa kwa stakabadhi. Fedha zinazopokewa nyuma ya gari bila karatasi si faini wala si ada, hata kama aliyezipokea amevaa sare.

Na ikiwa kaunti imekataa kutoa leseni, au imeifuta? Kifungu cha 47 cha Katiba, pamoja na sheria ya utendaji wa haki wa kiutawala ya mwaka 2015, vyampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu ya maandishi yaweza kupelekwa mbele zaidi. Neno la mdomo dirishani haliwezi.

Sasa kuhusu ada yenyewe. Wako wanaodhani kwamba kiasi cha ada hutoka kichwani mwa karani. Sivyo. Kifungu cha 210 chakataza kutoza kodi au ada ya leseni yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Na kwa kaunti, sheria hiyo ni sheria ya fedha inayopitishwa na bunge la kaunti. Kila aina ya biashara huwekewa kiasi chake humo. Mwenye duka aweza kuomba kuiona.

Sheria hiyo nayo haipitishwi gizani. Kaunti ya Kiambu ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Sheria yake ya fedha ya mwaka 2013 ilipelekwa mbele ya Mahakama Kuu, na mwezi wa Aprili 2014 mahakama ikaitangaza kuwa batili, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Kaunti ilikata rufani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona vilevile. Ada za kaunti nzima zilianguka kwa sababu watu hawakuulizwa.

Tena Katiba, kifungu cha 209, yairuhusu kaunti kutoza malipo kwa ajili ya huduma inazotoa. Neno "huduma" lina uzito wake. Mama alipaye ada ya soko apasa kuona kivuli, maji ya kuoshea jerikeni, choo, na mtu wa kuzoa taka. Kumtaka awe safi mahali pasipo na bomba ni kumdai maji ya mto Tana kwa kichwa chake mwenyewe. Kaunti ya Garissa hupata sehemu kubwa mno ya fedha zake kutoka mgao wa serikali ya taifa, na sehemu ndogo tu kutoka mapato yake yenyewe. Kwa hiyo si jambo la kushangaza kwamba wakusanya ada husukumwa waongeze. Lakini biashara ndogo iliyofungwa kwa kubanwa haitalipa chochote mwaka ujao.

Wafanya biashara ya mifugo wana shida yao ya pekee. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki, na ng'ombe anunuliwaye hapo akivuka daraja tu amekwisha kuingia Madogo, katika kaunti ya Tana River. Mbele yake ziko Kitui na Machakos kabla ya kufika Nairobi. Kifungu kile kile cha 209 chasema kodi za kaunti zisidhuru biashara ipitayo mipaka ya kaunti. Mwenye lori atunze stakabadhi ya ushuru aliolipa sokoni na kibali cha daktari wa mifugo, avionyeshe kila kizuizi, na akitozwa tena aombe stakabadhi inayotaja sheria iliyotumika.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, bunge la kaunti lapaswa kuupitisha mswada wa fedha kabla ya kwisha siku 90 tangu kupitishwa mswada wa matumizi. Katika muda huo mikutano ya kusikiliza wananchi hufanywa, na maoni ya maandishi hupokewa. Wauza maziwa wa Galbet wakitaka kusema neno juu ya ada yao, au juu ya bomba la maji, wakati ni huo. Na ikiwa wanaona ni vigumu kuandika, wamtafute kijana wao aliyesoma, waeleze kwa Kisomali, yeye aandike, watie sahihi au dole gumba wote, na nakala moja ibaki mikononi mwao ikiwa imepigwa mhuri wa ofisi iliyoipokea.