BEI YA TAIRI HAIISHII DUKANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, mataniboi na wanachama wengine, Banissa)



  Labda wako wanaojiuliza, watu wa reli wana habari gani za matairi? Reli haijafika Banissa, wala Mandera, wala Wajir, wala Garissa. Ni kweli. Lakini sisi tunaosema hapa ni wanne, na wawili wetu ni wenyeji wa hapa. Tulichanga fedha zetu za mshahara tukanunua pikapu aina ya Land Cruiser, ili ibebe mizigo na abiria kati ya Banissa na Takaba, na wakati mwingine mpaka Rhamu. Kwa hiyo tumekuja kuwaeleza kosa letu wenyewe, ili ninyi msilirudie.

Mwaka 2023 gari letu lilihitaji matairi manne. Tuliuliza bei hapa Banissa, tukauliza Mandera mjini, tukampigia simu mwenzetu Nairobi aulize huko. Bei zilikuwa mbalimbali sana. Mwisho tukaletewa habari kwamba kuna mtu anayeuza kwa bei ya chini kuliko wote, lakini hatoi risiti. Tukafurahi. Tukatuma fedha, matairi yakaja, meusi yanang'aa kama viatu vya askari. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kusoma maandishi ya ubavuni.

Hayakumaliza miezi mitatu. Siku moja gari lilikuwa njiani kwenda Takaba, limebeba sukari, unga na abiria watatu. Tairi la mbele likapasuka. Gari likatoka barabarani likaegemea kichaka. Mungu alisaidia, hakufa mtu, lakini taniboi wetu alivunjika mkono. Dereva alipoteremsha spea, aliikuta imepasuka-pasuka ubavuni na haina upepo. Walikaa pale mchana, wakalala pale, maji yakaisha. Kesho yake alasiri ndipo lori likapita likawachukua. Ninyi mnaijua njia hii; hatuna haja ya kuwaeleza maana ya kulala pale bila maji.

Sasa sikilizeni aibu yetu. Tulikaa kikao sisi wanne, wanachama wa chama, watu ambao tumesimama mara nyingi mbele ya wakubwa wa kazi kudai haki. Wengine wetu tukasema dereva akatwe mshahara alipe tairi, kwani ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Tukamwita. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wazee wangu, tairi hili nilichagua mimi?" Hatukuwa na jibu. Ndipo tukalitazama lile tairi kwa mara ya kwanza. Ubavuni palikuwa na tarakimu nne: 3514. Maana yake, lilitoka kiwandani katika juma la 35 la mwaka 2014. Tulikuwa tumenunua tairi "jipya" la miaka tisa.

Tena tulisoma sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini ni pale tu mfanya kazi alipoiharibu kwa makusudi. Tairi bovu alilonunua mwajiri si kosa la makusudi la dereva. Kwa hiyo hatukumkata hata senti moja, na gharama ya mkono wa taniboi tuliilipa sisi. Dereva yeyote hapa anayekatwa fedha ya tairi lililopasuka lenyewe, na alete habari kwa katibu wa chama.

Basi, ndugu, tumejifunza nini juu ya kununua? Katika reli gurudumu ni chuma, na halihukumiwi kwa macho wala kwa kung'aa. Mkaguzi huja na geji yake akapima. Likiwa limelika kupita kipimo, behewa haliondoki. Tairi la gari nalo lina vipimo vyake, vimeandikwa ubavuni, na kuvisoma ni bure.

Kwanza, tazameni ukubwa. Ukiambiwa "hili litaingia tu", liache. Tairi lazima liwe la ukubwa uliowekwa na waliotengeneza gari.

Pili, tazameni uzito linaoweza kubeba. Karibu na ukubwa kuna namba na herufi. Kwa mfano 116N: namba 116 ina maana tairi moja hubeba kilo 1,250, na herufi N ina maana mwendo usizidi kilomita 140 kwa saa. Namba 100 ni kilo 800 tu. Kwa macho matairi mawili huweza kufanana kabisa, kumbe moja ni la kubeba watu wanaokwenda sokoni mjini, na jingine ni la kubeba magunia. Sehemu ya tofauti ya bei mnayoshangaa imefichwa katika namba hiyo.

Tatu, tazameni tarehe. Ni tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Wakati mwingine hazikuandikwa ila upande mmoja, basi geuza tairi utazame upande wa pili. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kazi, na jua huuzeesha upesi zaidi. Makampuni mengi ya matairi hushauri tairi likaguliwe vizuri kila mwaka baada ya miaka mitano, na litupwe likifikisha miaka kumi, hata kama meno bado ni marefu. Hii ni pamoja na spea. Na muuzaji anayeanika matairi yake nje juani kutwa, mpiteni.

Nne, yakiwa ya mtumba, pitisheni kidole ndani na nje. Tafuteni uvimbe, nyufa, viraka, na nyuzi za chuma zilizochomoza. Ndani ya mifereji ya meno kuna vijiinuko vidogo vya kimo cha milimita 1.6. Meno yakilika yakalingana navyo, tairi limekwisha. Jihadharini na tairi lililochongwa upya kwa kisu cha moto: meno huonekana marefu, lakini mpira uliobaki chini yake ni mwembamba kama chapati. Na rangi nyeusi inayong'aa si dalili ya upya.

Tano, pigeni hesabu kwa kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, tairi moja ni shilingi 12,000 na linakwenda kilomita 15,000. Kila kilomita imekula senti 80. Jingine ni shilingi 20,000, nalo linakwenda kilomita 40,000. Kila kilomita ni senti 50. Lipi ni rahisi? Kila mtu aandike katika daftari kilomita za gari siku alipofunga tairi, na kilomita za siku lilipokwisha. Baada ya mwaka mmoja atajua ukweli wa barabara zetu za mawe, na hatategemea maneno ya muuzaji.

Sita, ongezeni nauli ya mzigo. Tairi la Nairobi ni rahisi Nairobi; likisafirishwa kilomita elfu hivi mpaka kaunti yetu si rahisi tena. Pengine mwenye duka wa hapa anadai zaidi kidogo, lakini unaliona tairi kwa macho yako kabla ya kulipa, na likiwa na kasoro unajua mlango wa kubisha. Mdai risiti. Muuzaji asiyetoa risiti amekwisha kukuambia kwamba kesho hakujui.

Wako watakaosema, matairi ya kigeni ndiyo mabaya. Hapana, yako mazuri na yako mabaya. Lakini tukumbuke jambo moja. Kiwanda cha Firestone East Africa kilianzishwa Nairobi mwaka 1969. Baadaye kikaitwa Sameer Africa, kikawa kinatoa matairi ya Yana. Mwaka 2016 kilisimamisha kutengeneza matairi hapa Kenya, kwa sababu, walisema wenyewe, bei za matairi yaliyoagizwa kutoka nje zilikuwa za chini mno. Wafanya kazi wa kiwanda walikwenda nyumbani. Hatusemi mtu anunue tairi bovu kwa kuwahurumia. Twasema tu kwamba bei ya chini hulipwa na mtu mahali fulani: mara ni mfanya kazi wa kiwandani, mara ni taniboi aliyekaa juu ya magunia.

Neno la mwisho kwa madereva. Tairi zuri pia hufa kwa kukosa upepo. Mkipunguza upepo ili kupita mchangani, mrudishe kabla ya kushika njia ya mawe. Tairi lenye upepo mdogo hukunjamana ubavuni, hupata moto, na katika joto la kwetu hupasuka. Geji ndogo ya upepo ni bei rahisi kuliko tairi lolote. Sisi tumenunua mbili, moja iko garini.

Na kwa wenye magari, nasi tukiwemo: tumeamua sasa kwamba tairi halinunuliwi mpaka dereva ameliona na kulikubali. Akilikataa, linarudi. Desturi hiyo haikutugharimu kitu, na twaomba mkutano huu uizungumze, na ikiwapendeza, tawi liwaandikie wenye magari wote wa hapa.

Taniboi wetu amepona, yuko hapa mbele yenu, ameketi karibu na mlango. Mkono wake haunyooki vizuri kama zamani. Sisi tukimwona hukumbuka ile bei tuliyoifurahia.