Bima ya Motokaa na Namna ya Kupunguza Gharama Yake

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za bima ya motokaa, yaani ile ambayo sheria yamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo kabla hajakitia barabarani. Huenda wako miongoni mwenu wasemao, “Sisi hatuna motokaa, wala pikipiki hatuna, tuna baiskeli na miguu yetu. Bima yatuhusu nini?” Twawaomba wasiondoke. Bima hii ya lazima iliwekwa kwa ajili yao hasa.

Tazameni jina lake. Vitabuni huitwa bima ya mtu wa tatu, nayo mitaani kwetu watu huiita bima ndogo. Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima, ambayo imepokea fedha zake na kutoa ahadi. Wa tatu ni nani? Ni yule apitaye njiani hana habari na mapatano yao: mama aliyejitwika ndizi akienda sokoni, mtoto atokaye shule, mzee asukumaye baiskeli yenye gunia la mkaa. Gari likimgonga, akavunjika mguu au akafa, fidia yake haitegemei kama mwenye gari ni tajiri au maskini. Kampuni ndiyo itakayolipa. Lakini mwenye gari mwenyewe, na gari lake lililopondeka, hawamo katika ahadi hiyo. Wengi hawalijui jambo hili mpaka siku ya ajali, nao hulalamika kwamba wameibiwa, kumbe walinunua kitu kingine.

Sheria ya namna hii haikuanza kwetu. Huko Uingereza magari yalipozidi kuwa mengi, ilionekana mara kwa mara kwamba majeruhi alishinda kesi mahakamani, akapewa hukumu nzuri iliyoandikwa vizuri, kisha akakuta mdaiwa hana kitu ila gari lililovunjika. Hukumu hailiwi. Basi Bunge la huko likatunga sheria ya barabara mwaka 1930, na tangu tarehe 1 Januari 1931 ikawa ni kosa kuendesha motokaa bila bima ya mtu wa tatu. Watawala wa Kiingereza wakaileta sheria ya mfano huo katika nchi zetu, na baada ya uhuru tukaishika. Tanzania Bara imo katika Sura ya 169 ya sheria, na Kenya katika Sura ya 405. Kenya imeweka na mpaka: bima ya lazima haipaswi kuzidi shilingi za Kenya 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye mfuko, maana twajua kwamba ndipo penye maumivu. Mwenye gari aona fedha zikitoka kila mwaka, na mwaka ukiisha bila ajali aona hakupata kitu. Ni haki yake kutafuta njia ya kupunguza. Lakini ziko njia zipunguzazo bei, na ziko njia ziondoazo bima yenyewe huku karatasi ikibaki. Tuanze na hizo za pili, kwa kuwa tumeziona kwa macho.

Miaka kadha iliyopita mwalimu mmoja mwenzetu alinunua gari dogo lililotumika. Alipokwenda kukata bima aliulizwa, “Gari hili ni la kazi gani?” Akajibu, “Ni la nyumbani tu.” Na siku ile alisema kweli. Lakini petroli ni ghali, na mshahara wa mwalimu mwaujua. Siku za gulio akaanza kuchukua abiria, watano, sita, kila mmoja na nauli yake. Hakuona kuwa ametenda uongo, kwa sababu hakuandika neno lo lote jipya. Siku moja wakati wa masika gari likateleza penye mteremko, likaingia mtaroni. Abiria mmoja, mwashi, kijana mwenye watoto wawili, akavunjika nyonga. Kampuni ikatuma mtu. Naye hakuuliza habari za mvua wala za breki. Aliwauliza abiria swali moja tu: “Mlilipa nauli?” Wakajibu ndiyo, maana ni watu wakweli. Kampuni ikakataa dai. Mwenzetu akauza kiwanja alichokuwa akitaka kujenga, akamlipa yule mwashi kidogo kidogo kwa muda wa miaka, wala haikutosha, kwa sababu mtu aliyevunjika nyonga hapandi tena jukwaa la ujenzi kama zamani. Tofauti ya bei kati ya bima ya gari la nyumbani na ile ya gari la abiria, kwa mwaka ule, haikuzidi thamani ya magunia machache ya mahindi.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa watu hudhani kila kosa la mwenye gari laondoa haki ya majeruhi. Sivyo. Sheria ya Kenya, kwa mfano, kwa kufuata ile ya Uingereza, yasema kwamba kampuni haiwezi kumkwepa mtu wa tatu kwa kisingizio cha umri wa dereva, au ubovu wa gari, au wingi wa watu waliopakiwa, au uzito wa mizigo. Italipa kwanza, kisha itamdai mwenye gari. Lakini kazi ya gari haimo katika orodha hiyo. Gari lililokatiwa bima ya nyumbani likifanya kazi ya nauli, lakanyaga mahali ambapo ahadi haikufika. Vivyo hivyo pikipiki: aliyekata bima ya kwendea shambani, kisha akaifanya bodaboda, asidhani kwamba ana bima. Biashara yako ikibadilika katikati ya mwaka, nenda ukaiambie kampuni, uongeze kilichopungua.

Njia ya pili mbaya ni ya kununua bima kwa mtu wa barabarani asiyejulikana, auzaye kwa nusu ya bei. Zamani walaghai hawa walikuwa wakichapa vibandiko bandia vya kubandika kwenye kioo, navyo vilipendeza kuliko vya kweli. Siku hizi kumbukumbu za bima huwekwa katika kompyuta. Kule Tanzania Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imefungua njia ya mtu ye yote kuhakiki kwa namba ya gari. Kenya nako hati hutolewa kwa njia ya kidijitali. Hakiki siku ile ile uliyolipa. Na usikubali neno “utalipa baadaye,” kwa kuwa bima isiyolipiwa si bima.

Haya, na sasa njia za halali.

Ya kwanza ni kuuliza bei kwa zaidi ya kampuni moja. Vijana wataona ni jambo dogo, lakini wazee wakumbuka kwamba Tanzania haikuwa hivyo sikuzote: Shirika la Bima la Taifa, lililotaifishwa mwaka 1967, lilikuwa peke yake sokoni mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia wengine mlango. Sasa makampuni ni mengi, nawe una miguu ya kwenda na simu ya kuulizia. Wakala au dalali wa bima hulipwa ujira wake na kampuni, kwa hiyo usiogope kumtumia. Ila uliza kama anawakilisha kampuni moja au nyingi. Na usiulize bei peke yake. Uliza na jirani aliyepata ajali mwaka jana alilipwa baada ya muda gani.

Ya pili ni kuchagua bima ilingane na gari. Bima ndogo haina mengi ya kupunguza, maana bei yake hufuata aina ya chombo na kazi yake, si thamani yake. Bima kubwa, ambayo hulinda na gari lako mwenyewe lisipotee kwa ajali, moto au wizi, ndiyo yenye nafasi ya hesabu. Wanafunzi, shikeni kalamu. Tuchukue mfano kwamba kampuni yatoza shilingi 3.5 kwa kila shilingi 100 za thamani ya gari, mbali na kodi. Gari la shilingi 12,000,000 litalipiwa 420,000. Mwenye gari huyo kila mwaka huandika 12,000,000, kwa mazoea, na huku gari linachakaa. Leo sokoni halipati zaidi ya 9,000,000. Kwa thamani hiyo ya kweli angelipa 315,000. Basi amepoteza shilingi 105,000 bure, kwa sababu gari likiibwa kampuni itampa bei ya sokoni, si bei ya kumbukumbu zake.

Msikilizaji mwerevu atasema, “Basi mimi nitaandika thamani ndogo sana, nilipe kidogo.” Asifanye haraka. Gari la 12,000,000 likiandikwa 6,000,000, umelikatia bima nusu tu. Likipata hasara ya 4,000,000, kampuni yaweza kusema, “Nusu ilikuwa kwetu na nusu ilikuwa kwako,” ikakupa 2,000,000. Andika ya kweli, nawe uipime upya kila mwaka. Na likiwa gari ni kuukuu kiasi kwamba ungeweza kulipoteza bila kuvunja nyumba yako, huenda bima ndogo yatosha, na ile tofauti ukaiweka akiba ya kulitengeneza. Lakini kama umelinunua kwa mkopo, mkopeshaji mwenyewe atadai bima kubwa, hapo huna uchaguzi.

Ya tatu ni kukubali kubeba sehemu ya kwanza ya hasara mwenyewe. Karibu kila bima kubwa ina kiasi hicho. Ukikubali kukiongeza, kampuni nyingi hupunguza malipo ya mwaka. Ongeza kwa kadiri ya fedha ulizo nazo kweli, si za kutumaini.

Ya nne yahitaji uvumilivu. Asiyedai kitu kwa mwaka mzima hupewa punguzo mwaka ufuatao, na punguzo hilo huweza kukua mwaka baada ya mwaka. Tuseme umefikia punguzo la 20 kwa 100 katika yale malipo yetu ya 420,000. Hizo ni shilingi 84,000. Ukigonga nguzo ya lango, fundi akataka 150,000, na sehemu yako ya kubeba ni 100,000, kampuni itakupa 50,000 tu. Utapata 50,000 na huenda ukapoteza 84,000. Mlipe fundi mwenyewe. Ukihamia kampuni nyingine, omba barua inayothibitisha miaka yako isiyo na madai. Watu wengi huiacha barua hiyo kama takataka, nayo ni fedha. Lakini angalieni sana: hesabu hii ni ya bati na rangi. Gari likimgusa mtu, hata akisimama akasema hajambo, toa taarifa kwa polisi na kwa kampuni mara moja. Wako walioambiwa “sijambo” jioni, na asubuhi wakaitwa hospitali.

Mengine ni madogo, twayapita upesi. Kufuli nzuri, mahali salama pa kulaza gari usiku, chombo cha kufuatilia gari likiibwa, kuwaandika madereva wachache wenye uzoefu badala ya ye yote atakaye: uliza kama kampuni yako yapunguza kwa hayo. Lipa kwa mwaka ukiweza, maana bima ya mwezi mmoja mmoja kwa kawaida huwa ghali ukiijumlisha. Na asafiriye nje ya nchi aulize habari za Kadi ya Njano kabla ya kufika mpakani; Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika mpango huo.

Tumesema na wenye magari. Sasa tunarudi kwenu mlio na miguu na baiskeli. Mkigongwa, au ndugu yenu akigongwa, kwanza okoeni uhai. Kisha mmoja aandike namba ya gari, jina la dereva, na majina ya mashahidi wawili. Msisogezwe kando ya njia mkapewa noti chache na kutiwa kidole katika karatasi isemayo kwamba mmeridhika. Wengi wameridhika hivyo, na mifupa ikaja kudai baadaye. Takeni taarifa ya polisi na karatasi za hospitali, mziweke pamoja, na kwa namba ile ya gari muulize kampuni iliyotoa bima. Iandikieni kampuni mapema, maana sheria ina siku zake za kutoa habari kabla ya shauri au mara baada ya kulifungua, na siku zikipita mlango hufungwa.

Katika chuo chetu wanafunzi wa mwaka wa pili hupewa zoezi la kuandika namba tano za magari yapitayo langoni na kuzihakiki wenyewe kwa simu. Walimu mnaotusikiliza mwaweza kulifanya hata shuleni kwenu, palipo na barabara na simu moja.