Nyumba Iliyowekwa Rehani na Siku ya Baraza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mchafukoge)



Tumetakiwa kusema juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona tu: nyumba iliyowekwa rehani kwa mkopo, na sasa mkopeshaji ataka kuiuza. Hapa Mchafukoge na jirani zetu wa Kariakoo jambo hili si geni. Nyumba nyingi za vyumba sita walizojenga wazee zimebomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Kiwanja kimekuwa mali kubwa, nacho huwekwa rehani upesi kuliko kinavyokombolewa.

Neno la kwanza ni hili. Wengi hudhani kwamba nyumba haiuzwi mpaka mwenyewe aitwe barazani. Sivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa 2008, mkopeshaji halazimiki kupata hukumu kwanza. Humpelekea mdaiwa ilani ya maandishi yenye kueleza deni lililokawia. Zikipita siku 60 tangu ilani kupokewa, nalo halijalipwa, aweza kuuza. Basi mara nyingi mwenye kufungua shauri ni mdaiwa, aombe mnada uzuiwe. Angojaye kuitwa, hodi atakayoisikia ni ya dalali wa mnada.

Siku hizo 60 ndizo za kujitayarisha, na kazi yenyewe sisi watu wa ofisi twaijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Na zikusanywe karatasi zote: mkataba wa mkopo, hati ya rehani, stakabadhi za malipo, taarifa ya benki, barua, na ilani pamoja na tarehe iliyopokewa. Zipangwe kwa tarehe, zitolewe nakala. Kisha tufanye hesabu wenyewe: tulikopa kiasi gani, tumelipa kiasi gani, riba ni ngapi.

Baada ya hesabu yatupasa kujiuliza maswali manne. Je, ilani ilitufikia, na siku zake zilitimia? Je, mke au mume aliridhia? Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi zailinda haki hiyo. Je, mnada umetangazwa siku 14 kabla? Je, bei ni ya haki? Bei ikiwa chini ya ile ya kawaida sokoni kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji hudhaniwa kuwa hakutimiza wajibu wake, mpaka aonyeshe vingine.

Shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu, kwa kadiri ya thamani yake; na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Aombaye zuio hupimwa kwa mizani ya shauri la Atilio na Mbowe la 1969. Aonyeshe kwamba iko hoja ya kweli ya kuamuliwa. Kwamba pasipo zuio atapata hasara isiyofidika. Na kwamba taabu yake akinyimwa itaizidi taabu ya mpinzani wake. Machozi peke yake hayatoshi, wala kusema "sina fedha" si hoja.

Tena asichelewe. Mnunuzi wa nia njema hulindwa na sheria. Nyumba ikisha kuuzwa, huenda mdaiwa akabaki na dai la fidia tu, na watoto wakiwa barabarani.

Mwisho, twawasihi ndugu zetu waache kuona haya. Mficha uchi hazai. Wako wanaoificha ilani kabatini, mke asijue, hata siku zote 60 zikaisha. Na huenda mke huyo ndiye mwenye haki ya kuiokoa nyumba. Mwambieni mwenzi wako siku ile ile. Mwandikieni mkopeshaji mapema kuomba muda, na nakala ya barua itunzwe. Mtafuteni wakili kabla ya wiki ya mwisho, na ruhusa kazini iombwe kwa maandishi. Baraza laweza kutupa nafasi, lakini halifuti deni. Dawa ya deni ni kulipa.