Wachoma Mkaa wa Ndola na Kifo cha Hammarskjöld



Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki mojawapo ya mnyonge ni kusikilizwa anaposema kwamba ameona. Mkasa wa Ndola waonyesha jinsi haki hiyo ilivyokanyagwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alikuwa akienda kuonana na Moise Tshombe ili kusimamisha mapigano ya Katanga, jimbo la shaba lililojitenga na Kongo kwa msaada wa Wabelgiji. Watu wote 16 waliokuwamo walipoteza maisha. Ingawa uwanja wa ndege ulikuwa umbali wa kilometa 15 hivi tu, mabaki yalitangazwa kuonekana alasiri, baada ya saa 15.

Wachoma mkaa na wakazi wa hapo walieleza kwamba waliona ndege ya pili angani. Wengine waliona moto kabla ndege haijaanguka. Harold Julien, mlinzi aliyeishi siku chache tu baada ya ajali, alitaja mlipuko. Tume ya Rhodesia iliyatupa maneno hayo. Waafrika walihesabiwa hawaaminiki. Majeruhi alihesabiwa anaweweseka. Mwaka 1962 lawama ikabebeshwa rubani, marehemu asiyeweza kujitetea. Mwaka huohuo tume ya Umoja wa Mataifa ilikataa kufunga shauri, ikisema haiwezi kuondoa uwezekano wa hujuma.

Ni kweli, jicho la usiku hukosea, na mashahidi hupishana. Lakini dawa ya shaka ni kuyapima maneno, si kupima rangi wala kazi ya msemaji. Upimaji huo uliongozwa baadaye na Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekabidhiwa jopo la Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Ripoti yake ya 2017 ilisema yamkini shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ajali. Hiyo si hukumu ya mwisho, kwa kuwa ripoti zake zaonyesha kwamba yaelekea Uingereza, Marekani na Afrika Kusini zinazo habari ambazo hazijatolewa.

Basi mtumishi anayeandika taarifa, na mwalimu anayefundisha historia, wasiyaache maneno ya mchoma mkaa nje ya jalada kwa sababu tu hayalingani na kauli ya wakubwa. Yaandikwe, yapimwe, ndipo uamuzi utolewe.