Saumu Isiwe Pazia la Ugonjwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana)



Tumezoea kudhani kwamba asiyekula amekosa chakula au anaumwa tumbo. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa huketi mbele ya sahani iliyojaa, njaa ikimuuma, na asithubutu kula. Ni maradhi ya nafsi yanayouharibu na mwili. Napenda tuyatazame matatu.

La kwanza ni anoreksia. Mgonjwa hujinyima chakula kwa kuogopa unene, na hata akikonda sana bado hujiona mnene. Huhisi baridi wakati wenziwe wanatoka jasho, nywele humtoka, huzimia, na msichana hukosa hedhi. La pili ni bulimia, iliyoelezwa na daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979. Mgonjwa hula chakula kingi kwa siri, kisha hujitapisha au humeza dawa za kuharisha. Uzito wake waweza kuwa wa kawaida, hivyo hatambulikani. Lakini tindikali ya tumbo hula meno yake, na madini ya potasiamu yakipungua, moyo huweza kusimama. La tatu ni kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia wala kujitapisha, kisha kubaki na aibu na majuto.

Chanzo si kimoja. Kuna kurithi, kuna huzuni, kuna mateso ya utotoni na dhihaka juu ya mwili. Tena kuna mazingira. Katika jimbo la Nadroga, visiwani Fiji, ambako mwili mnene ulihesabiwa kuwa uzuri, televisheni iliingia mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliporejea mwaka 1998, alikuta wasichana wapatao 11 katika kila 100 aliowahoji wamejitapisha ili wakonde. Mwaka 1995 hakupata hata mmoja. Leo picha kama zile zimo katika simu za watoto wetu.

Ndugu zangu, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Binti afungaye Ramadhani, akaendelea kufunga miezi mingine, na wakati wa futari akala tende mbili na kusema ameshiba, sisi humsifu kwa uchaji. Pengine ni mchaji kweli. Lakini pengine saumu imekuwa pazia, na nyuma yake mtoto anaangamia. Kurani Tukufu imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ugonjwa huu ni ugonjwa. Basi asione haya kuitumia ruhusa hiyo, nasi tusimwone dhaifu wa imani.

Tufanye nini? Tusimkaripie, tusimlazimishe, wala tusiutaje mwili wake kwa mzaha. Tuzungumze naye faraghani kwa upole, kisha tumpeleke hospitali mapema. Aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kwa ghafla, kwani chumvi za damu huvurugika na aweza kufa. Alishwe kwa uangalizi wa daktari. Tiba ipo: mlo wa kawaida pamoja na jamaa zake, na mazungumzo na mtaalamu. Wengi hupona, hasa wanaowahiwa.

Basi jioni ya leo, kila mzazi atazame si sahani ya mwanawe tu, bali na uso wake. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.