Safari ya Watoto Rabai: Tupange Kabla Hatujaimba

(Maneno ya mratibu wa idara ya watoto mbele ya wachungaji, walimu na wazazi katika mkutano wa jubilei. Yamechapwa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Nashukuru uongozi kwa kunipa nafasi. Najua baada yangu ni chakula na harufu ya pilau imeshafika humu ndani, kwa hiyo sitawachelewesha. Nimepewa kichwa cha somo: safari ya mafunzo ya watoto wetu wa miaka 12 hadi 15, mwezi Desemba. Wenzetu wa Kenya wanawaita wa gredi ya 7 mpaka ya 9, sisi Tanzania ni darasa la 6, la 7 na kidato cha 1, na Uganda ni P6, P7 na S1. Majina tofauti, mtoto yule yule. Mkubwa mno kukaa na wadogo, mdogo mno kukaa na vijana, na kanisani hana benchi lake. Huyo ndiye tunayetaka kumpeleka Rabai.

Kabla ya mipango, niseme jambo langu. Mwaka juzi tulifanya safari kama hii kutoka Tanga. Mimi ndiye nilipokea karatasi za watoto. Kulikuwa na binti wa miaka 13 anayelelewa na bibi yake. Barua ya ridhaa ilikuwa na dole gumba la bibi, mhuri wa mtendaji hamna, na jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa si lile analotumia shule. Niliyaona hayo wiki mbili kabla. Nikasema moyoni, Bwana atafungua mlango. Jamani, tulipofika mpakani mlango haukufunguka. Afisa hakutukorofisha, alifanya kazi yake. Anaona mtoto wa kike asiye na mzazi, karatasi mbili, majina mawili. Mngetaka afanye nini? Amwachie tu apite kwa kuwa tumevaa fulana za kanisa?

Binti alirudi Tanga na mwalimu mmoja wa kike. Wenzake walivuka, na basi lilikuwa linaimba mapambio. Nilipokwenda kumwomba bibi msamaha hakunigombeza. Alisema, "Mwalimu, ungeniambia mapema ningekwenda mwenyewe kwa mtendaji." Basi. Neno hilo nimelala nalo siku nyingi, kwa sababu ile niliyoiita imani ilikuwa ni uvivu wa kutembea mpaka nyumbani kwa yule mama.

Tusome Luka sura ya 2. Bwana wetu alipokuwa na miaka 12, umri wa watoto hawa hawa, alipelekwa safari ya ibada Yerusalemu. Wazazi wake walikuwa wacha Mungu, safari wanaijua, kila mwaka wanaiendea. Na bado walitembea siku nzima wakiamini yuko na jamaa, halafu ikawachukua siku tatu kumpata. Kama Yusufu na Mariamu walipotelewa na mtoto, mimi na wewe tusijidanganye kwamba kuhesabu watoto ni kukosa upako.

Sasa, kwa nini Rabai? Wengine kwenye kamati waliuliza, "Wale walikuwa Waanglikana na Walutheri, sisi Wapentekoste tunakwenda kutafuta nini?" Swali zuri. Mimi nasema hivi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mke wake Rosine. Hata mwaka haukuisha. Mwezi Julai mke akafa pamoja na mtoto mchanga, wakazikwa ng'ambo ya bara, upande wa Nyali. Krapf hakurudi Ulaya. Mwaka 1846 akaja mwenzake Rebmann, wakafungua kituo Rabai, huku homa zikiwaandama. Wakakaa miaka na miaka, na waliobatizwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wa wale wa mwanzo kabisa aliitwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Watoto wetu wamezoea kusikia habari za mikutano ya maelfu. Ni vizuri wakasimama mahali ambapo mtu alilima muda mrefu na mavuno yakawa kiganja kimoja.

Na lugha hii ninayowasemesha ninyi watu wa nchi mbalimbali bila mkalimani! Krapf alianza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili mapema kabisa, na kamusi yake kubwa ilichapwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Naye Rebmann ndiye aliyeandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, mwaka 1848, na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Mtoto wa Moshi akiyasikia hayo akiwa Rabai, atasinzia kweli?

Kituo cha pili ni Freretown, Mombasa. Kijiji kile kilianzishwa miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Hapa walimu nawaomba kitu. Msifundishe utumwa kama hadithi ya watu wabaya wa dini fulani. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi: Waarabu, watu wa pwani, machifu wa bara, Wazungu wenye dini kama yetu huko kwenye meli na mashamba yao. Watoto wetu wa Tanga na Mombasa wana majirani Waislamu wanaokula nao Idi. Sitaki mtoto arudi nyumbani amchukie jirani na aseme kafundishwa kanisani.

Vivyo hivyo kuhusu kaya za Wamijikenda. Misitu ya kaya, pamoja na ile ya Rabai, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Tukifika pale hatuendi kukemea. Tunapita na mwenyeji, tunavua viatu tukiambiwa, tunauliza maswali. Baadhi ya watoto hawa mababu zao wanatoka huko huko. Mkataba wa maombi ya vita tuuache ndani ya basi.

Haya, mipango yenyewe. Tarehe: tumehangaika nayo sana kwa sababu likizo zetu hazilingani. Kenya wanafunga Agosti, sisi tunafunga Juni. Desemba tu ndiyo inatukutanisha, na lazima iwe mwanzoni, kabla nauli hazijapanda na mpaka haujafurika watu wa Krismasi. Usiku hatutembei. Kenya gari la shule hairuhusiwi usiku, na hata ingeruhusiwa, mimi siweki watoto barabarani gizani. Tutalala njiani, hata kama gharama inaongezeka.

Njia ya kundi la Tanga ni Horohoro na Lunga Lunga. Zamani tungebanana na feri ya Likoni, ila siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unatokea upande wa Miritini, kisha Mazeras, Rabai hiyo hapo. Kundi la Arusha na Moshi litapita Holili na Taveta, na Voi ndiyo watapumzika.

Karatasi. Mtu mzima wa Kenya anaingia Uganda kwa kitambulisho, lakini mtoto hana kitambulisho! Kila mtoto awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa yenye sahihi na mhuri. Mtoto anayelelewa na bibi, shangazi au kaka, tuambieni leo, msione haya. Wako wengi kuliko mnavyodhani. Na kuna kadi mbili za njano, msizichanganye: ya chanjo ya homa ya manjano ni ya mtoto, ya bima ni ya gari. Mwaka juzi dereva wetu alipoulizwa ya gari akatoa ya homa. Tulicheka baadaye, si pale pale.

Ulinzi wa watoto. Kila watoto wanane mtu mzima mmoja anayewajua kwa majina, na wasichana wawe na walezi wa kike. Hakuna mtu mzima, awe mwalimu, awe mchungaji, awe mimi, atakayekuwa peke yake na mtoto chumbani au garini. Mtumishi atakayeona ameshushiwa heshima kwa sharti hili, abaki nyumbani kwa amani. Mikesha pia hapana. Ibada ya jioni iishe saa tatu, watoto walale. Mtoto aliyechoka ukimsimamisha mbele saa sita ya usiku atalia, ndiyo, lakini hujui kama analilia dhambi au analilia kitanda.

Fedha nazipitia haraka. Malipo ni kwa awamu tatu. Ukipanga bajeti ongeza fungu la kumi juu yake kwa dharura, na lisiguswe kununua soda. Asiyeweza kulipa, mzazi amwone mchungaji wake faraghani. Majina ya wanaodaiwa hayatasomwa kanisani. Narudia, hayatasomwa. Yapo makanisa kwetu yalifanya hivyo, na watoto wakajificha Jumapili nzima.

Kila mtoto atakuja na daftari, na ndani yake maswali matano aliyoandika mwenyewe kabla ya safari, siyo ya mwalimu. Mmoja mwaka juzi aliuliza, "Rosine alipokufa, Krapf alimkasirikia Mungu?" Sikuwa na jibu la haraka. Tulikaa chini ya mwembe tukazungumza mpaka dereva akapiga honi.

Yule binti sasa ana miaka 15. Karatasi zake mwaka huu ndizo zilizokamilika za kwanza, nilikwenda kwa mtendaji pamoja na bibi yake, tukapanga foleni asubuhi nzima. Nilipomuuliza kama atakuja, alisema bado anafikiri. Sijamshawishi. Nafasi yake ipo, kiti cha dirishani, mpaka siku ya kuondoka.

Fomu ziko kwa mama mhazini, ile meza ya karibu na mlango. Wa Uganda chukueni zenye alama nyekundu. Mwisho wa kurudisha ni tarehe 30 Septemba, na safari hii sitapokea karatasi pungufu kwa maelezo ya imani. Chakula kiko tayari.